Billroth: Mpasuaji aliyehangaika kujua kama mshono wa tumbo utadumu

Na Mwandishi Wetu

HAKUNA mwanafunzi wa udaktari anayemaliza masomo ya upasuaji bila kukutana na jina la Theodor Billroth, Mjerumani aliyefanya kazi mjini Vienna, Austria, ambaye mwaka 1881 alikuwa daktari wa kwanza kukata sehemu ya mfuko wa chakula wa mgonjwa wa saratani na mgonjwa huyo akainuka kitandani akaenda nyumbani.

Nje ya vyuo vya udaktari jina hilo halitajwi sana siku hizi. Hata hivyo, kila anayesikia habari za watu wanaofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo ili wapungue unene, na hasa habari za wale ambao unene huwarudia baada ya miaka kadhaa kwa sababu pini zilizobana tumbo zimefumuka, anasikia mwendelezo wa swali lililomsumbua Billroth kwa muda mrefu. Nalo ni hili: mshono wa tumbo hushikwa na nini hasa, na kwa nini mwingine huachia?

Billroth alizaliwa Aprili 26, 1829 katika mji mdogo wa Bergen, kisiwani Rügen, kwenye Bahari ya Baltiki. Baba yake, mchungaji wa Kilutheri, alifariki dunia wakati mtoto huyo akiwa na umri wa miaka mitano tu, na mama akabaki na mzigo wa kulea familia katika mji wa Greifswald.

Shuleni hakung'ara. Alichokipenda kilikuwa muziki, na laiti angeachiwa uamuzi, angekuwa mpiga piano. Ndugu na marafiki wa familia ndio waliomsukuma kwenye udaktari, kazi iliyoonekana kuwa na mkate wa uhakika zaidi. Alisoma Greifswald, Göttingen na Berlin, akapata shahada yake ya udaktari mwaka 1852.

Mkate huo wa uhakika haukuja mara moja. Alifungua chumba cha matibabu Berlin, akakaa kwa wiki kadhaa akisubiri wagonjwa, asitokee hata mmoja. Ndipo mwaka 1853 alipopata nafasi ya kuwa msaidizi wa Bernhard von Langenbeck, aliyekuwa miongoni mwa wapasuaji wakubwa wa Ujerumani wakati huo. Kwa Langenbeck alijifunza kutumia kisu, na kwa kutumia darubini alijifunza kutazama kile kisu kilichokiondoa.

Mwaka 1860 aliteuliwa kuwa profesa wa upasuaji mjini Zürich, Uswisi, akiwa na miaka 31. Miaka mitatu baadaye alitoa kitabu chake cha mihadhara kuhusu magonjwa ya upasuaji na tiba yake, kilichotafsiriwa katika lugha nyingi na kusomwa na vizazi vya madaktari.

Ni huko Zürich pia alikoanza jambo ambalo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, lina uzito kuliko upasuaji wowote alioufanya. Alihesabu vifo. Wakati huo madaktari wengi walitangaza wagonjwa waliopona na kunyamaza kuhusu waliozikwa. Billroth alichapisha matokeo ya wagonjwa wake wote, wazuri kwa wabaya, na alisisitiza kuwa mgonjwa hana budi kufuatiliwa kwa miaka baada ya kuruhusiwa, kwani kidonda kufunga si sawa na mgonjwa kupona.

Mwaka 1867 aliitwa Vienna, makao makuu ya dola ya Austria-Hungaria iliyokuwa ikiundwa mwaka huohuo, akabaki huko hadi mwisho wa maisha yake. Vita vya Ufaransa na Prussia vilipolipuka mwaka 1870 alijitolea kwenda kuhudumia majeruhi Weissenburg na Mannheim.

Aliporudi, kisu chake kiliingia sehemu ambazo wengine waliziogopa. Mwaka 1872 aliondoa kipande cha umio. Desemba 31, 1873, usiku wa kuamkia mwaka mpya, aliondoa koromeo lote la mgonjwa wa saratani, upasuaji ambao ulikuwa haujawahi kufanikiwa kwa ugonjwa huo.

Jina lake halikubaki safi katika kila jambo. Mwaka 1876 alichapisha kitabu kuhusu ufundishaji wa udaktari katika vyuo vikuu vya Kijerumani, na ndani yake akaandika maneno ya dharau dhidi ya wanafunzi Wayahudi waliotoka Hungaria na Galicia. Maneno hayo yalizusha ghasia chuoni na kuwapa nguvu waliokuwa wakitafuta sababu ya kuwafukuza Wayahudi. Miaka ya mwisho ya maisha yake alijiunga na chama cha kupinga chuki dhidi ya Wayahudi kilichoanzishwa Vienna. Wapo waandishi wanaoipita sehemu hiyo haraka haraka, lakini ni sehemu ya maisha yake kama zilivyo nyingine.

Tuje kwenye tumbo. Saratani ya mfuko wa chakula ilikuwa ikiua watu wengi Ulaya ya karne ya 19, na mara nyingi uvimbe uliota kwenye mlango wa kutokea, pale chakula kinapoingia kwenye utumbo mwembamba. Mlango ukizibwa, mgonjwa hutapika kila anachokula na kufa kwa njaa huku akili zake zikiwa timamu.

Kukata kipande hicho halikuwa tatizo kubwa. Kuunga kilichobaki ndiko kulikoogopesha. Mfuko wa chakula hutoa tindikali kali inayomeng'enya nyama, na mfuko wenyewe ni nyama. Madaktari walijiuliza kama tindikali hiyo haitaula mshono kabla kovu halijapata nguvu, yaliyomo yakamwagika ndani na mgonjwa akafa kwa sumu ya usaha.

Billroth hakukimbilia kwa mgonjwa. Wasaidizi wake wawili, Carl Gussenbauer na Alexander von Winiwarter, walipitia kumbukumbu za uchunguzi wa maiti zaidi ya 60,000 mjini Vienna ili kujua ni saratani ngapi za tumbo zilikuwa bado hazijasambaa wakati wa kifo. Waliona zipo za kutosha. Wakawafanyia mbwa upasuaji wa kuondoa mlango wa tumbo, na taarifa yao ya mwaka 1876 ilionyesha kuwa mnyama anaweza kuishi baada ya hapo. Mwaka 1877 Billroth mwenyewe alimshona mgonjwa aliyekuwa na tundu lililotoka kwenye mfuko wa chakula hadi nje ya ngozi. Mshono ulishika.

Siri ya kushika huko ilikuwa imeelezwa na Mfaransa Antoine Lembert tangu mwaka 1826. Ukuta wa tumbo una tabaka kadhaa. Utando wa nje ni mwororo na una tabia ya kugandana haraka: ukiuweka uso kwa uso na mwenzake hunata ndani ya saa chache, na baada ya siku kadhaa kovu huanza kuota. Utando wa ndani ni kinyume chake. Huo umeumbwa uteleze, hutoa ute, na kazi yake ni kupitisha chakula bila kunasana. Ukiuweka uso kwa uso hauungani, hata ukikaa mwaka mzima.

Kwa hiyo uzi hauwi ndio unaolishika tumbo maisha yote. Uzi hushikilia kwa muda tu, mpaka mwili wenyewe ushike. Jambo hilo tutalirudia, maana karibu miaka 100 baadaye lilisahauliwa na watu waliopaswa kulikumbuka.

Wengine walimtangulia Billroth na kushindwa. Jules Péan alijaribu mjini Paris mwaka 1879, na Mpolandi Ludwik Rydygier akajaribu mwaka 1880. Wagonjwa wote wawili walikufa muda mfupi baada ya upasuaji.

Januari 29, 1881, akiwa katika hospitali kuu ya Vienna, Billroth alimpasua mwanamke wa miaka 43 ambaye alikuwa amedhoofika kwa kutapika. Mfuko wa chakula ulikuwa umesafishwa kwa maji kabla ya kuanza. Chini ya nusukaputi aliondoa uvimbe pamoja na mlango wa tumbo, akaunga sehemu iliyobaki na mwanzo wa utumbo mwembamba kwa nyuzi za hariri zipatazo 50. Kazi yote ilichukua takriban saa moja na nusu.

Siku sita baadaye alikwishaandika barua kwa jarida la madaktari la Vienna kueleza alichofanya. Mgonjwa alikula, akapata nafuu, akaruhusiwa. Baada ya miezi minne alifariki, si kwa mshono kuvuja bali kwa sababu saratani ilikuwa imekwisha kusambaa. Maiti ilipochunguzwa ilikutwa mshono umepona vizuri, na tumbo lile limehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya udaktari ya Josephinum mjini Vienna.

Wagonjwa waliofuata hawakuwa na bahati hiyo wote. Baadhi walikufa, na Billroth aliyaandika hayo pia. Mwaka 1885 alibuni njia ya pili: badala ya kuunga tumbo na mwanzo wa utumbo, alifunga pale palipokatwa na kuunganisha tumbo na kipande cha utumbo mwembamba kilicho mbele zaidi. Njia hizo mbili huitwa Billroth ya kwanza na Billroth ya pili hadi leo.

Waliozitumia baada yake walijifunza udhaifu wake mmoja baada ya mwingine. Katika njia ya kwanza kuna mahali ambapo mishono miwili hukutana, na hapo ndipo palipovuja mara kwa mara. Wapasuaji wa Kijerumani walipaita jina lenye maana ya kona ya majonzi. Sababu inaeleweka. Mishono inapokutana damu hufika kwa shida, na nyama isiyopata damu haiponi. Katika njia ya pili, miaka mingi baadaye, baadhi ya wagonjwa walipata vidonda pale tumbo lilipoungwa, kwa kuwa utumbo mwembamba haukuumbwa kuoshwa kwa tindikali.

Nje ya chumba cha upasuaji Billroth aliishi kama mwanamuziki aliyechelewa. Alipiga piano na viola, na nyumbani kwake Vienna kulifanyika jioni za muziki zilizohudhuriwa na Johannes Brahms, rafiki yake tangu siku za Zürich. Brahms alimpelekea tungo zake mpya azisikilize, na mwaka 1873 alimtunukia tungo mbili za vyombo vinne vya nyuzi. Kitabu cha Billroth kuhusu nani hasa ana kipaji cha kuuelewa muziki kilichapishwa baada ya kifo chake.

Mwaka 1882 alisaidia kuanzisha hospitali ya Rudolfinerhaus yenye shule ya wauguzi. Alipata nimonia kali mwaka 1887 na tangu hapo moyo wake haukupata nguvu tena. Alifariki Februari 6, 1894 akiwa Abbazia, mji wa pwani ambao leo unaitwa Opatija, nchini Kroatia. Alizikwa Vienna.

Miaka 14 baada ya kifo chake, katika mji mkuu wa pili wa dola ileile, Budapest, mpasuaji Hümér Hültl alichoka kushona kwa mkono. Mwaka 1908, akishirikiana na fundi wa vyombo vya hospitali Victor Fischer, alitoa mashine ya kubana tumbo kwa pini za chuma, mfano wa stepla tunazotumia maofisini. Ilikuwa nzito, zaidi ya kilo tatu, na kuiandaa kulichukua muda mrefu. Lakini ilipiga mistari minne ya pini kwa mara moja, miwili huku na miwili kule, na mpasuaji akakata katikati. Pini zilijikunja kwa umbo la herufi B, ili mishipa midogo ya damu ipite katika matundu yake na kingo zisife.

Tuangalie hapo kwenye kukata katikati. Kila upande ulibaki na kingo mbichi zilizojeruhiwa, na jeraha ndilo linalouita mwili kuponya.

Wakati huo hakuna aliyefikiria kumkata mtu mnene tumbo lisilo na ugonjwa. Wazo hilo lilikuja Marekani. Edward Mason, mpasuaji wa Chuo Kikuu cha Iowa, aliona kuwa wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu ya tumbo kwa njia iliyotokana na Billroth ya pili walipungua uzito na hawakunenepa tena kirahisi. Kilichokuwa kero kwa wagonjwa hao kingeweza kuwa tiba kwa mtu ambaye unene unamuua. Mwaka 1966 Mason na mwenzake Chikashi Ito walifanya upasuaji wa kwanza wa aina hiyo, wakiacha kifuko kidogo juu na kukiunganisha na utumbo.

Miaka ya 1970 stepla za kisasa zilikuwa zimeenea hospitalini, na baadhi ya wapasuaji wakaona njia ya mkato. Kwa nini kukata tumbo, wakati unaweza kulibana tu kwa mstari wa pini na kuligawa sehemu mbili? Usipokata hakuna kingo za kuvuja, na upasuaji unakuwa mfupi. Mason mwenyewe, mwaka 1980, alibuni upasuaji ambao tumbo lilibanwa kwa mstari wa wima wa pini, na mlango wa kifuko ukafungwa mkanda ili usitanuke. Maelfu ya watu walifanyiwa.

Mwanzoni matokeo yalipendeza. Watu walipungua. Kisha, mwaka wa pili, wa tatu, wa tano, baadhi yao walianza kula zaidi bila kushiba na uzito ukapanda. Walilaumiwa kwa ulafi. Walipopigwa picha za eksirei baada ya kunywa dawa inayoonekana kwenye picha, ikaonekana kwa wengi kwamba mstari wa pini ulikuwa na tundu, na chakula kilikuwa kikipita kwenda upande ule mkubwa uliodhaniwa umefungwa. Timu ya madaktari wa Montreal, Kanada, iliyotoa taarifa mwaka 1990 ilikuta mstari umefumuka kwa karibu nusu ya wagonjwa wake.

Sababu ilikuwa ileile ya Lembert na Billroth. Tumbo lililobanwa bila kukatwa huwa limegusanisha utando wa ndani kwa utando wa ndani, na huo hauungani. Hakuna kovu linaloota. Kazi yote huachiwa pini, kila siku, kila mlo, miaka yote. Kila tonge na kila tapishi husukuma ukuta kutoka pande mbili. Pini haikatiki, ni nyama ndiyo inayoachia, waya ukipenya taratibu kama uzi mwembamba unavyokata sabuni. Ikitoka pini moja, za jirani hubeba mzigo wake, na tundu hupanuka.

Wapasuaji wakarudi kwenye kukata. Leo katika upasuaji wa kuunganisha kifuko na utumbo, kifuko hutenganishwa kabisa na tumbo lililobaki, na katika ule wa kulifanya tumbo kuwa mrija mwembamba, sehemu kubwa hukatwa na kutolewa nje ya mwili. Mstari wa namna hii ukipita salama wiki za mwanzo, huwa umeshikwa na kovu.

Hatari yake ipo mwanzoni. Ukuta wa tumbo haulingani unene: karibu na mlango wa kutokea ni mnene, juu karibu na umio ni mwembamba. Ndiyo maana pini hutengenezwa kwa urefu tofauti na kutambulishwa kwa rangi. Pini fupi kwenye ukuta mnene huuminya hadi damu isipite na nyama ikafa. Pini ndefu kwenye ukuta mwembamba huacha upenyo. Katika tumbo la mrija, sehemu inayovuja zaidi ni ile ya juu kabisa, ambako damu ni chache na msukumo wa ndani ni mkubwa.

Hata waliokatwa tumbo hawajasalimika kabisa baada ya miaka. Kidonda kikitokea kwenye maungio kinaweza kutoboa njia kutoka kwenye kifuko hadi kwenye tumbo lililoachwa, na tindikali ya huko ikipita hapo hukilisha kidonda kilekile kilichoifungulia njia. Uvutaji wa sigara huongeza hatari hiyo, na vivyo hivyo dawa za maumivu za jamii ya aspirini na ibuprofeni, ambazo watu huzinunua madukani kama pipi. Tofauti na hao ni watu wa tumbo la mrija wanaonenepa upya: mara nyingi mstari wao haujafumuka, bali mrija wenyewe umetanuka.

Mason hakuficha kilichotokea. Mwaka 1986 alianzisha daftari la kitaifa la Marekani la kuwafuatilia waliofanyiwa upasuaji wa unene, na alifariki Desemba 2020 akiwa na umri wa miaka 100. Upasuaji wake wa mkanda na mstari wa pini umeachwa karibu kila mahali, lakini waliofanyiwa miaka ya 1980 na 1990 bado wapo. Mmoja wao akianza kunenepa tena, au kusikia maumivu ya juu ya tumbo, madaktari hutazama kwanza mstari wa pini, kwa picha au kwa kamera inayopitishwa kooni, na tundu likionekana, wengi hawalibani upya bali hukata na kuunganisha kifuko na utumbo.